Vijiti Vyekundu Shambani kwa Robai

Marafiki zangu wa kwaya,

Nimerudi Kitale nikakuta habari zangu zimenitangulia. Mmoja wenu amesikia nilifungiwa ndani ya ghala la mahindi. Mwingine ameambiwa gari lilichomwa moto. Gari halikuchomwa, liko kwa fundi, linabadilishwa springi. Na kwenye ghala la mahindi sikuingia. Lakini kwa kuwa kila mazoezi mnaniuliza na kila nikianza kusimulia mwalimu wa kwaya anatuita tuanze sauti, nimeona niandike yote, msome kwa zamu.

Kitale hadi Ndalu

Mnajua nafanya kazi katika maabara ya udongo, lakini najua wengi mnadhani kazi yenyewe ni kuchimba na kupepeta. Safari hii haikuwa ya kuchimba. Udongo ukipigwa na jua humeza sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Wenye mboji nyingi humeza sana, ndiyo maana tunauona mweusi. Wa kichanga hurudisha mwingi. Tuna mashine inayobebwa mgongoni, ina waya mrefu wenye jicho dogo kwenye ncha, na hilo jicho husoma mwanga unaorudi, hata ule ambao macho yetu hayauoni. Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Dakta, anataka kulinganisha tunachosoma huku chini na picha zinazopigwa na setilaiti huko juu, ili siku moja mkulima ajue hali ya shamba lake bila kungoja majibu ya maabara hadi amesahau alileta udongo.

Shida ni kwamba kazi hiyo ina masharti kama mwali. Udongo uwe mtupu na mkavu. Mbingu iwe safi. Jua liwe limepanda vizuri. Kwa huku kwetu hiyo ni nafasi ndogo sana, kabla mvua za masika hazijafika na watu hawajapanda. Dakta alikuwa aende mwenyewe, mgongo ukamshika hata kuketi akawa hawezi. Akanikabidhi mimi mashine, ambayo ni ya kuazima, na akanirudia maneno yale yale mara nyingi mpaka nikaanza kuyaota: “Mama Mghoi, kibao cheupe kisiguswe.”

Hicho kibao ndicho roho ya kazi. Ni cheupe kuliko kitu chochote mlichowahi kuona, kinarudisha karibu mwanga wote. Kabla ya kuelekeza mashine kwenye udongo unaielekeza kwanza hapo, ijue mwanga kamili wa jua ni upi. Kikichafuka hata alama ya kidole, vipimo vyote vinadanganya.

Sharti lingine ni nguo. Ukivaa kitenge cha manjano, umanjano wako unarukia udongo na mashine inausoma. Kwa hiyo nilitoka nyumbani nimevaa sketi nyeusi, blauzi nyeusi, na kitambaa cheusi kichwani. Dereva wangu, Mzee Wekesa, mtu wa Kimilili na mzee wa kanisa, aliponiona akavua kofia. “Pole sana,” akasema. “Ni nani?”

Nikamweleza. Akacheka, lakini nadhani hakuniamini mpaka tulipofika Kiminini.

Ndalu tulifika umande ukiwa bado haujakauka, tukalazimika kungoja. Mwenye shamba alikuwa ametoka, mkewe akatuketisha, akatupa pole za msiba, nikaeleza tena. Akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu vinavyofuka moshi. Mimi nilikuwa nimeshafungua sanduku la kibao na kukiweka juu ya miguu yake mitatu, nikageuka kidogo tu kutazama wingu lililokuwa upande wa mlima. Nilipogeuka tena, yule mama alikuwa ameinamia kibao na sinia la viazi mkononi, anatafuta pa kuviweka.

Nilipiga ukelele kama mtu aliyeona nyoka. Maskini mama wa watu aliangusha sinia, viazi vikatawanyika mavumbini na kuku wakavishambulia. Nikaomba msamaha, naye akaomba msamaha, Mzee Wekesa akaokota viazi vilivyobaki akavipangusa na kuvila, akisema havina neno. Kazi ya Ndalu ilikwenda sawa baada ya hapo, lakini sikuondoa macho kwenye kibao mpaka nilipofunga sanduku.

Ndalu hadi Naitiri

Kila nilipopima nilichomeka kijiti chenye utepe mwekundu, ili tukirudi baada ya mvua tupime pale pale. Vijiti vilikuwa vimejaa nyuma ya gari. Kumbukeni hivyo vijiti, maana ndivyo vilivyonipa homa.

Springi ya gari ilivunjika karibu na soko la Naitiri. Fundi akapatikana, akalala chini ya gari, akaanza kuimba. Vijana wa boda boda wakaegesha baiskeli zao wakatuzunguka.

“Niaje, mzee? Munaenda wapi na hii kitu?” mmoja akamuuliza Wekesa, akiashiria mashine.

“Tunaenda kupima shamba,” Wekesa akajibu. “Ile ya karibu na kijito, kubwa, haijalimwa.”

“Ya Robai?”

“Sijui mwenyewe. Ile yenye udongo mweupe mweupe.”

“Hiyo ni ya Robai, bana. Ati mumekuja kupima?”

“Ndio kazi yetu.”

Nilikuwa pale pale, nikasikia kila neno, na sikuona kosa lolote. Kwangu kupima ni kupima: unapima damu, unapima unga, unapima udongo. Mimi ni Mtaita, sina shamba huku. Ninakodi nyumba kama wengi wenu. Sikufikiri kwamba katika sehemu ile, ambako mashamba waligawiwa babu na majina kwenye hati bado ni ya babu, mtu akisema anakuja kupima shamba anamaanisha jambo moja tu. Fundi alikuwa bado anaimba wakati baiskeli mbili zilipoondoka mbio kuelekea kule tulikokuwa tunakwenda.

Shambani kwa Robai

Robai alitupokea langoni. Ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ilionekana, na kutoka jikoni nilisikia harufu ya kuku.

“Mulembe. Kalibuni, kalibuni sana,” alisema, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Nimewangoja sana.”

Nikamwambia samahani, springi ilivunjika. Akatikisa kichwa kana kwamba nimesema jambo la kuchekesha. Kisha akanitazama nguo, akashusha sauti zaidi. “Nilipoona nguo yako nikajua wewe utaelewa. Mimi wangu ameniacha na hawa ndugu zake. Wewe ni lini?”

Nilikuwa nimechoka kueleza habari ya nguo. Jua lilikuwa limepanda na upande wa mlima mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikasema, “Tutaongea, mama. Kwanza nifanye kazi kabla jua halijaondoka.” Ndivyo nilivyomjibu. Kama ningeketi nikamsikiliza wakati ule, mengi yaliyofuata yasingefuata.

Shamba lilikuwa zuri kwa kazi yangu. Halikuwa limelimwa, juu limefanya gamba jepesi la rangi ya majivu, na kadiri lilivyoteremka kuelekea kijito udongo ulizidi kuwa mweusi. Nikaamua kupima kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Napima kibao, napima udongo, Wekesa anachomeka kijiti. Tunasonga. Robai alitufuata kwa nyuma kimya, mikono kifuani. Tulipofika kwenye mstari wa makonge yaliyopandwa kukata shamba, nikamuuliza kama naweza kupita.

“Pita tu, mama,” alisema. “Serikali ndiyo inajua.”

Nikapita. Nilikuwa naangalia wingu.

Kelele zilianza nikiwa karibu na kijito. Wanaume walikuwa wanateremka shambani kwa hatua ndefu, mbele yao mmoja mrefu mwenye kofia ya kahawia na panga ambalo, kwa kweli, huenda alikuwa nalo tu kwa sababu alitoka kukata majani ya ng’ombe. Lakini mimi niliona panga. Nyuma yao, kando ya ua, majirani walikuwa wanajaa. Robai akanong’ona, “Ni Simiyu, mkubwa wa bwana yangu.” Halafu, jambo ambalo baadaye niliambiwa hajawahi kulifanya tangu afiwe, akapanda juu kumkuta na kumwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: “Mumechelewa! Serikali imefika!”

Simiyu alimpita. Alinijia mimi.

“Nani ametuma nyinyi kugawa shamba ya baba yetu?”

“Mulembe, papa,” Wekesa akaanza. “Hakuna mtu anagawa—”

“Si mumesema kwa soko mumekuja kupima? Mtu wa kupima ni wa kugawa!”

Nikaona nieleze mwenyewe. Nikasema tunapima jua, yaani mwanga wa jua unavyorudi ukigonga udongo, nikaonyesha kibao, nikaonyesha jicho la mashine.

“Ati jua?” Simiyu aliwageukia watu. “Jua ya Robai peke yake? Sisi wengine tunakaa gizani?”

Watu wakacheka. Kicheko kile badala ya kumpoza kilimchochea. Akaanza kung’oa vijiti vyangu, kimoja kimoja, akipanda na mstari, mpaka akafika kwenye makonge. Hapo akasimama, akapiga ardhi kwa kisigino.

“Shamba ya Robai inaisha hapa! Hapa, kwa makonge! Hii ingine ya chini ni yangu. Hata kama ni serikali, haiwezi kuvuka hapa!”

Ghafla watu wote wakanyamaza. Mimi nilidhani ni kile kimya kinachotangulia kipigo. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Kijana mmoja aliyekuja na Simiyu alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari, mwingine amefungua sanduku la kibao, na nilimwona akikigusa, kidole kizima, kama mtu anayeonja samli. Wingu likaja likafunika jua. Hata kama wangeniruhusu kuwaonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi, nisingeweza.

Basi nikafanya kitu pekee nilichoona kitatutoa pale. Nikapaza sauti: “Ndugu zangu, sisi si watu wa mipaka. Hatujui habari ya hati. Hakuna atakayepata shamba wala kupoteza shamba kwa sababu yetu. Hivi vijiti havina maana yoyote.”

Ilikuwa kweli yote. Lakini nilipomaliza nikakutana na macho ya Robai. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya shamba. Alitazama sketi yangu, akatazama vijiti mkononi mwa Simiyu.

“Kumbe?” alisema.

Neno hilo moja tu. Simiyu akacheka sasa, kicheko cha kupumua, akatutupia ufunguo. “Nendeni na jua yenu.”

Tukiwa tunapakia, Robai alitoka jikoni na kuku na ugali wa wimbi amevifunga kwenye majani ya mgomba. Nikamwambia hatuwezi kuchukua. “Mlisema mnapima,” alisema bila ukali. “Mimi nikapika.” Akaviweka kwenye kiti cha gari. Sikuwa na karatasi karibu. Nikakata kipande cha utepe, nikaandika namba yangu ya simu kwa kalamu ya wino mzito, nikamtia mkononi. Akakifumbata bila kukitazama. Nyuma yake Simiyu na wenzake walikuwa bado wamesimama shambani, wanamwangalia yeye, si sisi.

Naitiri hadi Bungoma

Tulirudi kwenye lami. Kuku alikuwa ananukia gari zima na hakuna aliyemgusa. Mwishowe Wekesa akasema, “Ni mimi nilisema kupima pale sokoni.”

“Na mimi nilikuwa nimesimama kando yako.”

“Lakini hata sisi tungesema nini? Si tulikuja kupima?”

Nilikuwa nawaza jambo moja. Mama yule alikuwa amekaa na shemeji zake kwa kunyamaza, na leo, kwa kuamini ana watu nyuma yake, amewainulia sauti. Kisha wale watu wakasema mbele ya kijiji kizima kwamba hawamjui, wakapanda gari. Nani angemlinda usiku ukiingia? Kila tulipopanda kilima nilitoa simu kutazama kama kuna mtandao, na kila ulipopatikana hapakuwa na ujumbe wowote.

Bungoma tulipata lojingi nyuma ya soko. Wekesa alikwenda kutafuta matoke. Mimi nilinunua msasa laini dukani, nikaomba maji safi na beseni, nikaketi uani jua likiwa linazama. Alama ya kidole kwenye kibao huondolewa kwa kukisugua taratibu chini ya maji, kwa duara, bila kukandamiza. Nilikuwa nimemwona Dakta akifanya hivyo mara moja tu. Nikisugua sana nitakiharibu. Nikisugua kidogo doa litabaki. Mwenye lojingi, mama mnene mchangamfu, alipita akaniuliza kwa nini nalia na nasugua kigae. Nikagundua kweli nalia.

Doa lilitoka. Yule kuku tuliishia kumgawia mlinzi, akala kwa furaha na kutuombea safari njema.

Bumula

Siku iliyofuata ndiyo iliyokuwa na uzito. Setilaiti ingepita juu ya Bumula asubuhi, na vipimo vyetu vilitakiwa vichukuliwe wakati ule ule. Ikipita tumechelewa, au pana wingu, basi.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja aitwaye Wanyama, kichanga cheupe kinachoumiza macho. Safari hii niliapa sitatamka lile neno. Nikamsalimia vizuri, nikakubali kuketi, nikanywa chai yote, nikamweleza polepole kwamba tumekuja kuangalia rangi ya udongo.

Akafikiri. “Kumbe munauza rangi?”

“Hapana, mzee.”

“Maana hii nyumba nataka kupaka, lakini si na rangi ya udongo.”

Wekesa alilazimika kutoka nje. Nikaanza upya, na mwishowe Mzee Wanyama akaelewa, au akachoka, akatuambia tufanye tunavyotaka ili mradi tusikanyage miche yake ya vitunguu. Mbingu ilikuwa safi kama glasi. Nilipima kibao, udongo, kibao, udongo, jasho likinitiririka ndani ya nguo nyeusi. Wakati wa setilaiti ulipofika Wekesa akatazama juu mdomo wazi. Hakuna kilichoonekana, bila shaka. Lakini tulikuwa tumewahi, na mistari kwenye kompyuta ilitoka safi. Ningetakiwa kufurahi. Nilikuwa nawaza kidole kile kwenye kibao na macho yale ya Robai.

Simu ililia nikiwa nafunga sanduku. Namba ngeni. Nikapanda juu ya kichuguu ili sauti isikatike.

“Ni wewe mama wa nguo nyeusi?”

Ni yeye. Alikuwa anapiga kutoka simu ya jamii pale sokoni Naitiri, na nyuma yake nilisikia baiskeli na kelele za watu.

“Robai! Uko salama? Wamekufanya nini?”

“Hapana, sikiliza. Hii pesa inaisha. Simiyu alisema shamba yangu inaisha kwa makonge. Ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Miaka yote anasema mimi sina shamba. Hata kidogo. Ati nirudi kwetu. Jana kwa hasira amesema yangu inaisha wapi. Mbele ya watu! Arafu mimi nimeenda kwa naibu wa chifu. Anakuja kesho na wazee. Lakini sasa Simiyu anakataa, na majirani wanaogopa. Kuja useme. Wewe uli—”

Ikakatika.

Nilibaki juu ya kichuguu kama mtu aliyepigwa kofi. Kile kimya cha watu ambacho nilidhani ni cha kipigo! Walikuwa wamesikia. Wote walikuwa wamesikia, isipokuwa mimi niliyekuwa nasikiliza moyo wangu mwenyewe.

Nilimweleza Wekesa. Uso ukamsawijika. “Mama Mghoi, hiyo ni ugomvi ya familia. Wewe utarudi Kitale, hakuna mtu anakujua. Mimi ni wa hapa. Hawa watu tutazikana nao.” Nikampigia Dakta. Akafurahi sana kwa habari ya setilaiti, kisha nilipofika kwenye habari ya Naitiri akanikatiza. “Leta mashine nyumbani. Usiingie kwenye mambo ya ardhi.” Wote wawili walikuwa na sababu. Usiku ule nililala macho wazi, nikijiambia mara kwamba nimeshaamua kwenda, mara kwamba nimeshaamua kutokwenda.

Kurudi Naitiri

Asubuhi tuliondoka Bungoma. Tulipofika Kamukuywa, pale barabara ya Naitiri inapotoka, Wekesa alisimamisha gari na kuzima injini. Mbele yetu lami ilinyooka kuelekea Kitale. Sikuwa nimemwambia asimame.

“Basi?” akauliza.

“Tuingie.”

Akawasha gari. “Hata mimi sijalala,” alisema.

Kwa Robai walikuwa wameshaketi kwenye viti na mabenchi vilivyoazimwa kanisani, vimepangwa uwanjani. Naibu wa chifu alikuwa kijana aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri, wazee wako upande mmoja, Simiyu na nduguze upande mwingine. Robai aliponiona hakutabasamu. Alisogea tu kwenye benchi, akaniachia nafasi.

Naibu alikuwa anawauliza majirani. Mmoja baada ya mwingine walisimama. “Nilisikia kelele tu.” “Nilikuwa mbali.” “Mimi nilifika wakati imeisha.” Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto alianza kusema kitu, Simiyu akakohoa, akakaa. Niliona mikono ya Robai ikikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

“Kuna mwingine?” naibu akauliza.

Nikasimama.

Nikajitaja jina, nikasema ninatoka wapi na nilikuwa nafanya nini shambani. Nikasema sijui shamba ni la nani wala limegawanywa vipi, na kwamba sina haki ya kusema juu ya hilo. Kisha nikasema nilichosikia, kwa maneno yale yale, na nikaonyesha makonge.

Simiyu akasimama. “Huyu si wa hapa. Anajua nini? Hata lugha yetu hajui.”

“Ni kweli,” nikasema. “Mimi si wa hapa. Lakini ulisema kwa Kiswahili.”

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, akanyamaza. Naibu alitazama wazee. Hapo ndipo Wekesa, ambaye alikuwa ameketi mwisho kabisa kama mtu anayesubiri kinyozi, aliposimama na kofia mkononi. Alizungumza Kibukusu, kwa hiyo sikuelewa mengi, lakini nilisikia anataja Kimilili, anataja jina la baba yake, na kisha anaelekeza mkono kwenye makonge. Alipoketi, yule mama mwenye mtoto akasimama bila kuitwa. “Hata mimi nilisikia,” alisema. “Sote tulisikia.”

Simiyu alivua kofia, akaikagua ndani kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo. Uwanja wote ulikuwa unamngoja. Mzee mmoja, ambaye baadaye niliambiwa ni baba yake mdogo, akamwambia jambo kwa upole.

“Nilisema nikiwa na hasira,” Simiyu akajibu kwa Kiswahili.

“Lakini ulisema?” naibu akauliza.

Akairudisha kofia kichwani. “Nilisema.”

Robai hakupiga vigelegele. Alifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, na mimi nikaweka mkono mgongoni pake. Kisha nikamwambia jambo nililopaswa kumwambia siku ya kwanza: kwamba mume wangu yuko hai, anafundisha Kitale, na nguo ni za kazi tu. Akatoa uso kwenye leso akanitazama. “Mungu amtunze,” alisema. “Nilikuwa nimekuombea vibaya.”

Wazee walitembea na mstari wa makonge wakiwa na naibu. Simiyu alitembea nao, mbali kidogo, mikono nyuma. Hakuniaga. Nilipima tena shamba lile, upande wa juu wa makonge tu safari hii, na sikuchomeka kijiti hata kimoja.

Nyumbani

Hiyo ndiyo safari. Dakta alinikasirikia kwa siku kadhaa, kisha akaona vipimo vya Bumula, sasa anazungumza nami kama kawaida. Mvua imeshanyesha na kazi ya mashine imekwisha kwa msimu huu.

Lakini kuna jambo mlilonisikia nikimnong’oneza mwalimu wa kwaya, na nataka mlijue kutoka kwangu. Robai amepiga tena. Amepanda mahindi mpaka kwenye makonge na hakuna aliyemzuia. Ila naibu wa chifu alimweleza kwamba maneno ya uwanjani hayabadilishi jina kwenye hati. Urithi lazima upite korti ya Bungoma, na nduguze Simiyu wameshatafuta wakili. Huko watahitaji watu wa kusimama na kusema walichosikia, na huko hakuna benchi la kanisa la kuketi kando yake.

Aliniuliza kama nitakuja. Nilikuwa nakanda unga, mkono mmoja una simu. Ninaogopa korti, ninaogopa wakili, na kwa kweli bado ninamwogopa Simiyu. Nikamwambia nitakuja. Mzee Wekesa amesema tusipande gari la abiria. Ataomba ruhusa, ataniendesha mwenyewe. Jumapili ya kabla ya siku ya korti tutakuwa njiani na nafasi yangu ya sauti ya pili itakuwa wazi, mpangieni mtu mapema.